Mnanaa wa Kwenye Mchanga: Jinsi ya Kuutofautisha na Vichaka Vinavyofanana Nao

Mwambie mtu atafute mnanaa wa porini, na miguu yake itamshusha moja kwa moja majini. Ndivyo mnanaa tulivyouzoea: majani ya kijani kibichi, kingo zenye meno, mizizi inayotambaa kwenye matope. Kumbe katika makorongo makavu ya kusini mwa Utah na kaskazini mwa Arizona, Marekani, upo mnanaa asilia unaoishi kinyume kabisa cha hayo. Unakaa juu ya mchanga uliolegea, juani, mbali na kijito, na kwa macho haufanani na mnanaa hata kidogo. Unafanana na kichaka kilichomwagiwa majivu.

Jina lake la kisayansi ni Poliomintha incana. Neno la kwanza limeungwa kutoka Kigiriki: polios, yaani wenye mvi, na mintha, mnanaa. La pili ni Kilatini na linasema jambo lile lile, mvi. Umeitwa mzee mara mbili, na ukiuona utaelewa kwa nini. Hapa nitauita mnanaa mvi, maana jina la Kiswahili hauna.

Shida ni kwamba haukai peke yake. Hatua kumi kutoka ulipo huenda kuna pakanga ya mchanga, nayo ya kijivu. Kwenye mteremko wa mawe kuna seji ya zambarau, nayo ya kijivu, tena yenye harufu. Sababu ni jua. Vinyweleo vyeupe huakisi mwanga na kupunguza maji yanayopotea kwenye jani, kwa hiyo hata mimea isiyo na undugu wowote imevaa vazi moja. Kijivu hapa ni sare ya jangwa. Hakikuambii chochote kuhusu ukoo.

Pua isitangulie

Wengi huanza kwa kuvunja jani na kunusa. Mimi naliweka hilo la mwisho. Pakanga, seji na mnanaa mvi vyote vina mafuta yenye harufu kali, na vyote vina kitu cha kufanana na kafuri ndani yake. Vidole vikishashika pakanga, kila utakachonusa kwa nusu saa ijayo ni pakanga. Ukilazimika kunusa mimea miwili mfululizo, sugua mikono kwa mchanga mkavu katikati, na tumia mkono mwingine kwa mmea wa pili.

Anza na mpangilio wa majani. Ndugu wote wa mnanaa, wakiwemo mrehani na kivumbasi, huotesha majani mawili mawili yakitazamana kwenye kifundo kimoja, na jozi ya juu hukaa kukingama na ile ya chini kama msalaba. Kisha zungusha shina kati ya kidole gumba na cha shahada: la mnanaa lina pembe nne, utazisikia zikigonga. Lakini jihadhari. Mnanaa mvi umefunikwa na vinyweleo vingi kiasi kwamba pembe zinafichika, na mashina ya zamani yaliyokwisha kuwa mti huwa ya duara. Chagua tawi jipya la mwaka huu, kwangua vinyweleo kwa ukucha, halafu zungusha.

Mnanaa mvi na pakanga ya mchanga

Hawa wawili ndio wanaochanganya watu zaidi, na si ajabu, kwa kuwa wanapenda udongo ule ule. Sehemu kubwa ya mchanga wa eneo hilo unatokana na kumomonyoka kwa miamba kama ule wa Navajo, ambao wenyewe ulikuwa matuta ya mchanga enzi ya Jurasiki, ukagandamana kuwa mwamba, na sasa unarudi kuwa mchanga. Kwenye mchanga huo pakanga ya mchanga, Artemisia filifolia, hufika hata mita moja na nusu, wakati mnanaa mvi kwa kawaida hauvuki mita moja. Kimo pekee hakitoshi, maana pakanga changa ni fupi.

Tazama upana wa jani. La pakanga ni uzi. Halifiki milimita moja, na mengine yamegawanyika nyuzi tatu kuanzia karibu na shina. Jani la mnanaa mvi ni jembamba pia, ila ni jani kweli: urefu wa kama sentimita 1 hadi 3, upana wa milimita chache, kingo zisizo na meno, lina uso na mgongo. Watu humfananisha na rozimeri, na mfano huo unafaa mradi uwaze rozimeri iliyopakwa chokaa.

Baada ya upana, rudi kwenye mpangilio. Majani ya pakanga hupishana shinani, moja huku moja kule, na mara nyingi hukusanyika vishada. Hapo ndipo mtego ulipo. Mnanaa mvi nao huotesha vijitawi vifupi kwenye kwapa za majani, pale jani linapoungana na shina, na vijitawi hivyo hubeba majani madogo yaliyosongamana, kwa hiyo kwa mbali unaona vishada vile vile. Usihukumu kwa sehemu iliyosongamana. Tafuta chipukizi refu lililokua kwa haraka, lenye nafasi kati ya kifundo na kifundo. Hapo kama majani yanatazamana, umeshaitoa pakanga.

Maua huondoa shaka yote. Pakanga huchanua mwishoni mwa kiangazi hadi vuli, na ua lake ni kijitonge cha milimita chache, cha manjano iliyofifia, kilichoinama. Huchavushwa na upepo, kwa hiyo hakina haja ya kumpendeza mdudu. Mnanaa mvi huchanua majira ya kuchipua hadi kiangazi kinapoanza, na mvua ikinyesha baadaye unaweza kutoa maua tena. Maua yake yana midomo miwili, ya rangi ya zambarau hafifu hadi karibu nyeupe, kama sentimita moja kwa urefu, na mdomo wa chini una madoadoa ya zambarau iliyokolea. Yanakaa machache machache kwenye kwapa za majani, hayapandi juu kuwa suke. Ukiona kichaka cha kijivu chenye maua ya midomo katikati ya matawi, pakanga haihusiki tena.

Jambo moja dogo ambalo huwa naliona kabla hata sijafika kwenye mmea: umbo la kichaka upepo unapovuma. Pakanga ya mchanga hupepea kama manyoya, maana ni nyuzi tupu. Mnanaa mvi hutikisika mzima mzima. Hiki si kipimo cha kitaalamu, lakini hupunguza safari za kutembea bure.

Kwenye White Sands, New Mexico, ambako matuta si ya mchanga wa kawaida bali ni ya jasi nyeupe, mnanaa mvi upo pia. Huko ni mmoja wa mimea ambayo mizizi yake hushika jasi kwa nguvu kiasi kwamba tuta likishahama, kichaka hubaki juu ya nguzo yake. Kwa hiyo usiufute kwenye orodha yako eti kwa sababu ardhi si nyekundu kama ya Utah.

Mnanaa mvi na seji ya zambarau

Hapa kipimo cha majani kutazamana hakisaidii, wala shina la pembe nne, kwa sababu seji ya zambarau, Salvia dorrii, ni wa ukoo huo huo wa mnanaa. Hata stameni, zile nyuzi zinazobeba chavua, zinalingana: mbili kwa mbili. Inabidi kuangalia kwa utulivu zaidi.

Jani la seji lina umbo la kijiko. Linaanza jembamba karibu na shina, linapanuka kuelekea ncha, na upana mkubwa uko juu. La mnanaa mvi lina upana karibu sawa toka chini hadi juu. Ngozi zao pia si sawa. Seji ina unga wa fedha, kama magamba madogo sana yaliyolala juu ya jani. Ukiangalia kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10 unaona vumbi linalong'aa. Mnanaa mvi una vinyweleo vilivyosukana, karibu na pamba.

Wakati wa maua hata mtoto hatakosea. Seji huyapanga maua yake kwa duara kuzunguka shina, mafungu yamepandana kwa kuachana kama shanga kwenye uzi, na yote yako juu ya majani. Rangi ni ya buluu iliyokolea kuelekea zambarau, na hata vijani vidogo vinavyoyabeba maua vina rangi ya zambarau, kwa hiyo kichaka kinaendelea kuonekana cha zambarau petali zikiwa zimeshaanguka. Stameni zake mbili zinachomoza nje mbali, ndefu kuliko ua lenyewe. Zile za mnanaa mvi zina adabu, hazijirushi nje namna hiyo.

Na mahali? Seji ni mmea wa miteremko mikavu yenye mawe, na makao yake makuu ni Bonde Kuu la Nevada na majirani zake, pamoja na jangwa la Mojave. Mnanaa mvi ni wa mchanga. Mahali ambapo mawe na mchanga vinakutana, vyote viwili vinawezekana, lakini ukiwa umezama mchangani hadi vifundo vya miguu, mimi ningeweka dau langu kwa mnanaa.

Kwa Kiingereza mimea yote miwili huitwa kwa majina yenye maana ya "seji ya zambarau" na watu mbalimbali, ndiyo maana picha unazozikuta mtandaoni zimevurugika. Tafuta kwa jina la kisayansi, si la mitaani.

Mnanaa mvi na binamu yake mdogo

Huyu binamu ni Hedeoma, na hasa Hedeoma drummondii. Hata wataalamu walimkosea. Mtaalamu wa mimea John Torrey alipoueleza mnanaa mvi katika karne ya 19, kutokana na mimea iliyokusanywa wakati wa upimaji wa mpaka wa Marekani na Mexico, aliuweka ndani ya Hedeoma na kuuita incana. Asa Gray, mtaalamu mwenzake, ndiye aliyeutoa baadaye na kuupa jenasi mpya (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Poliomintha. Mvi ya kwanza ilitoka kwa mmoja, ya pili kwa mwingine.

Ukiona walivyofanana kwenye ua, humlaumu Torrey. Midomo miwili, zambarau hafifu, kwenye kwapa za majani, stameni mbili. Tofauti ya haraka ni mwili. Hedeoma ni mmea mdogo, mara nyingi sentimita 10 hadi 40, wa mashina membamba, na rangi yake inaelekea kijani. Una vinyweleo vifupi lakini haujavaa blanketi. Mnanaa mvi ni kichaka chenye mti chini. Ukiweza kukitikisa chote kwa vidole viwili, si chenyewe.

Tofauti ya uhakika iko kwenye kikombe cha sepali, yaani vijani vinavyolishika ua kwa chini, na inafaa kujifunza kwa sababu hubaki hata petali zikianguka. Kikombe cha Hedeoma ni mrija wenye kitumbo upande mmoja chini, na ua likishapita meno yake hukaribiana na kufunga mdomo, kama mfuko uliokazwa kamba. Kikombe cha mnanaa mvi ni bomba lililonyooka lililofunikwa vinyweleo virefu vyeupe, mpaka huwezi kuona michirizi iliyo chini yake bila kuvisogeza. Meno yake hayafungi namna ile.

Tofauti hii si ya mapambo. Hedeoma ina pulegoni, kemikali ambayo kwa kiasi kikubwa huharibu ini. Wahopi, wenyeji asilia wa Arizona, wamekuwa wakila majani ya mnanaa mvi na kutumia maua yake kama kiungo, na habari hiyo inasomwa na mtu aliye mbali, anashika mmea wowote wenye harufu ya mnanaa na kuuchemsha. Ujuzi wa Wahopi ni wa mmea wanaoujua tangu utotoni. Kama wewe unauona leo kwa mara ya kwanza, acha kinywa pembeni.

Wengine, kwa haraka

Mnanaa wa majini, ule wa Amerika Kaskazini unaoitwa Mentha canadensis (vitabu vingine huuhesabu ndani ya Mentha arvensis), nao ni asilia, nao upo makorongoni. Korongo moja linaweza kuwa na chemchemi inayotiririka ukutani na tuta kavu hatua ishirini kutoka hapo. Lakini huu una majani ya kijani yenye meno, stameni nne, ua ambalo midomo yake haijatofautiana sana, na mizizi inayotaka unyevu. Ukiuona, angalia chini: miguu yako imelowa au inakaribia.

Monardella, ndugu mwingine wa mnanaa, ni ya kufikiria ukiwa umepanda juu zaidi, kwenye miteremko ya mawe na misitu ya misonobari. Maua yake hukusanyika kichwa kimoja kwenye ncha ya shina, kimezungukwa na vijani kama kikombe. Stameni nne. Huhitaji zaidi ya hapo.

Marrubium vulgare, mgeni kutoka Ulaya, una sufi nyeupe na shina la pembe nne, hivyo huwadanganya wanaoanza. Majani yake ni ya mviringo na yamekunjamana kama uso wa bibi kizee, na kikombe cha ua kina miiba kumi iliyopinda kama ndoano, inayoshika soksi. Hupenda ardhi iliyochezewa na mifugo au barabara.

Halafu wale wasio na harufu: Atriplex canescens, wenye matunda ya mabawa manne na majani ya chumvi, na Krascheninnikovia lanata, wenye pamba nyingi. Wote ni wa kijivu, wote majani hayatazamani. Jani moja likisuguliwa limekwisha jibu.

Maua yakiwa hayapo

Ukifika Januari huna ua wala majani mengi. Wakati huo ndipo naanza na vikombe vilivyokauka. Mnanaa mvi mara nyingi hubakiza baadhi ya vikombe vyake vyenye vinyweleo kwenye kwapa za matawi ya mwaka uliopita. Ukikuta hata kimoja, kifungue: mbegu za ukoo wa mnanaa hukaa chini kabisa ya kikombe, vijikokwa vidogo, visivyozidi vinne. Pakanga haina kitu kama hicho. Itakuwa imebakiza vijitonge vikavu vilivyorundikana kwenye mashina marefu juu ya kichaka. Seji itakuwa na mafungu yake ya duara, yamekauka lakini bado yamepangwa kama shanga.

Kama huna hata kikombe, basi ni mpangilio wa makovu ya majani shinani. Yanatazamana au yanapishana? Kati ya mnanaa mvi na pakanga hilo linatosha. Kati ya mnanaa mvi na seji halitoshi, na ni afadhali urudi Mei kuliko kulazimisha jina.

Bila kung'oa kitu

Ndani ya hifadhi za taifa za Marekani, kama Arches na Canyonlands, ni marufuku kuchuma mmea, hata tawi moja. Haikuzuii kutambua. Kabla hujakiendea kichaka, tazama ardhi: ile gamba nyeusi yenye vinundu juu ya mchanga ni hai, imejengwa na bakteria, kuvu na mwani, na huchukua miaka mingi kurudi baada ya kukanyagwa. Pita kwenye mwamba au kwenye mkondo mkavu wa mchanga. Kama kichaka kimezungukwa na gamba hilo, tafuta kingine. Mnanaa mvi ukiwepo mmoja huwa na wenzake karibu.

Kisha piga picha nne. Ya kwanza kichaka kizima, na kitu chenye ukubwa unaojulikana kando yake. Ya pili chipukizi refu kwa upande, ili kifundo na majani yake mawili vionekane. Ya tatu kikombe cha ua kwa ubavu. Ya nne, ambayo watu huisahau na ndiyo itakayojibu maswali yako ukifika nyumbani, ua kwa mbele, lenzi ikitazama ndani ya koo lake, kwa karibu kiasi cha kuweza kuhesabu stameni. Zikiwa mbili, fupi, na nyuma yake kuna kikombe chenye vinyweleo vyeupe juu ya kichaka cha mchangani, umeupata.